Maziwa Yake Hayana Kosa

Wamama wenzangu, mtoto anayechoka kwenye ziwa si mvivu. Na mara nyingi mama yake anasingiziwa bure.

Tumboni mtoto hapumui. Mapafu yake yamejaa maji, na hewa safi anaipata katika damu ya mama, kupitia kondo na kitovu. Kwa hiyo damu yake nyingi haiendi kwenye mapafu. Inapita njia mbili za mkato: tundu kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, na mshipa mfupi unaounganisha mshipa wa mapafu na ule mkubwa wa mwili.

Kile kilio tunachokingojea materinite ndicho kinachogeuza yote. Hewa inaingia, mapafu yanatanuka, damu inayakimbilia. Ikirudi upande wa kushoto wa moyo, inasukuma utando mwembamba na kuziba tundu, kama upepo unavyofunga mlango. (Kwa watu wazima, karibu 1 kati ya 4, tundu hilo halikushikana kabisa, na wengi hawajui wala hawaugui.) Mshipa mfupi nao unajikaza, kwa kawaida ndani ya siku 3.

Mjukuu wangu alizaliwa kwa miezi 7. Kwa watoto wa namna hiyo, mshipa huo mara nyingi huchelewa kufunga. Damu inarudi kwa wingi kwenye mapafu, mtoto anapumua mbiombio, na kunyonya kwake ni sawa na kupanda mlima na mzigo mgongoni. Nyumbani walisema maziwa ya binti yangu ni mabaya. Shangazi mmoja alitaka mtoto aachishwe, apewe uji! Maneno mengine siyaandiki hapa. Binti yangu akawa hali, halali.

Muuguzi ndiye aliyesikia mvumo kifuani, akatutuma kwenye ekografi ya moyo. Dokta alimwonyesha binti yangu kwenye kioo: «Mama, ona damu inavyopita hapa. Maziwa yako hayana kosa.» Mtoto alipewa dawa, mshipa ukafunga. Wengine hupasuliwa.

Mtoto akitokwa jasho anaponyonya, akipumua haraka, au asipoongeza kilo, mpeleke kituo cha afya apimwe moyo. Midomo na ulimi vikiwa na rangi ya bluu, usingoje asubuhi.