Herufi ya Tano

Butembo nilikozaliwa, kazi nzima ya kupambana na Ebola iliitwa riposti. Neno ni la Kifaransa, na wacheza upanga hulitumia kwa pigo la kujibu: umenipiga, nami nakurudishia. Magari yenye bendera yalikuwa riposti. Vijana wa kunyunyiza klorini walikuwa riposti. Mgeni yeyote mwenye kipimajoto mkononi alikuwa riposti, na watoto walimkimbia.

Mlipuko ulipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, mimi nilikuwa Dar es Salaam nikisomea takwimu, na modeli niliyokuwa nafundishwa haikuwa na nafasi ya neno hilo.

Modeli yenyewe si ngumu kama inavyoonekana ubaoni. Unawagawa watu katika makundi manne, kila kundi na herufi yake. S ni wanaoweza kuambukizwa. E wameambukizwa ila bado hawajaugua. Kwa Ebola hali hiyo huchukua siku 2 hadi 21. I wanaumwa na wanaambukiza. R wamepona au wamefariki. Halafu unaandika milinganyo inayosema watu wanahama kundi kwa kasi gani. Mizizi yake ni kazi ya Kermack na McKendrick ya mwaka 1927, na mpaka leo naipenda, kwa sababu inaonyesha jinsi ugonjwa unavyoweza kupanda, kufika kilele na kuchoka wenyewe. Lakini hakuna mji unaokaa ukingoja ugonjwa uchoke. Watu hukimbia, huficha, huosha mikono, huzika usiku, hupiga simu, hurusha mawe.

Mfano tuliopewa darasani ulikuwa wa Afrika Magharibi. Septemba 2014, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilikadiria kwamba ikiwa hatua hazitaongezwa na watu hawatabadili mienendo, Liberia na Sierra Leone zingeweza kufikisha wagonjwa milioni 1.4 ifikapo tarehe 20 Januari 2015. Mlipuko wote, pamoja na Guinea, uliishia kwenye wagonjwa wapatao 28,600. Wenzangu walicheka. Mimi naona kicheko kile hakikuwa cha haki, maana sharti liliandikwa wazi: "ikiwa". Hesabu hiyohiyo ilisema pia kwamba asilimia 70 ya wagonjwa wakihudumiwa mahali salama na maziko yakiwa salama, mlipuko ungeelekea kwisha. Ambacho hesabu haikuweza kueleza ni namna ya kufika kwenye hiyo 70. Mwanaanthropolojia Paul Richards aliandika kitabu kizima kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya safari hiyo ilifanywa na wanakijiji wenyewe, waliouangalia ugonjwa, wakajifunza, wakabadili namna ya kuuguza na kuzika.

Kwa kawaida mwanamodeli huingiza riposti kwa mkato. Anachagua siku, tuseme ya 30, na kuanzia hapo anapunguza kasi ya maambukizi. Kwenye skrini mstari unashuka taratibu, bila kigugumizi. Mama mdogo, muuguzi katika zahanati ndogo ya mtaani kwetu, alikuwa akinipigia usiku akinisimulia mstari mwingine kabisa. Leo magari yamefika. Kesho ni ville morte, mji umefungwa kwa mgomo, hakuna anayetoka. Keshokutwa mgonjwa mwenye homa amekaa kwenye benchi, akasikia injini nje, akatokea mlango wa nyuma.

"Mwanangu," aliniuliza siku moja, "hizo hesabu zako, mlango wa nyuma zinao?"

Hazikuwa nao. Na mlango ule haukuwa wa zahanati yake tu. Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Zaidi kidogo ya robo hawakuamini kwamba Ebola ipo kweli, na chini ya theluthi moja waliamini kwamba viongozi wa mahali wanatetea maslahi yao. Desemba 26, tume ya uchaguzi ikaahirisha kura ya Beni na Butembo ikitaja Ebola na usalama, wakati nchi karibu nzima ilipiga kura siku nne baadaye. Kesho yake kituo cha Ebola cha Beni kilivamiwa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa ndani ya wiki moja. Aprili 19, Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Usiku ule mama mdogo hakupiga, nami niliogopa kumpigia.

Ndipo nikaongeza herufi ya tano. Kundi la wagonjwa nililigawa mara mbili: waliokuwa tayari kwenye orodha ya waliokutana na wagonjwa, na waliojitokeza kutoka gizani. Wa kwanza wanatengwa mapema, wa pili wanakaa nyumbani siku nyingi wakiambukiza. Kasi ya kuingia kwenye orodha sikuiacha kuwa namba moja ya kudumu. Ilishuka kila siku ya mgomo na kila baada ya shambulio, na ilirudi polepole, kwa sababu imani hairudi asubuhi inayofuata. Mstari wangu ukawa na nundu, na nundu zikaangukia pale simu za mama mdogo zilipoangukia. Mwishoni mwa 2019 jarida la PNAS lilichapisha utafiti wenye hoja ya namna hiyo: matukio ya ghasia yaliugeuza mlipuko uliokuwa umeanza kushuka.

Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa 3,470, waliofariki 2,287. Zaidi ya watu 300,000 walikuwa wamechanjwa, nami namba hiyo naiheshimu; bila chanjo sidhani kama ningekuwa na mtu wa kumpigia.

Februari 7, 2021, Ebola ikatangazwa tena upande wa Butembo. Safari hii riposti iliongozwa na mamlaka ya afya ya mkoa, na mama mdogo alisema wanaoandika majina ni watu anaowajua, wengine amesoma nao. Ilikwisha Mei 3: wagonjwa 12, sita wakafariki.

Katikati ya mlipuko huo alinitumia picha ya daftari lake la zahanati. Alikuwa amechora safu kwa rula: tarehe, homa, aliyepelekwa kupimwa. Safu ya mwisho aliipa jina "mlango wa nyuma". Wiki nzima ilikuwa na alama mbili tu. Nilimpigia kumuuliza hao wawili walielekea wapi, akaniambia nisubiri, mmoja wao ni jirani, anavaa viatu amfuate.