KICHWA CHA FAILI



Katika gazeti letu hili wengi wamekwisha andika juu ya safari, michezo na mila za wazee. Leo naomba nafasi niandike juu ya jambo lisiloonekana kwa macho, nalo ni jinsi programu za kompyuta za zamani zilivyopangwa ndani ya faili zake. Najua wako watakaosema, "Hayo ni ya mafundi." La, si ya mafundi peke yao. Mwaka jana elimu hii ndogo iliokoa haki za watu wa kijiji chetu, kama nitakavyoeleza.

Mfumo ninaousema ni MS-DOS, uliotoka mwaka wa 1981 pamoja na kompyuta ndogo ya IBM. Katika mfumo huo programu ziliwekwa katika faili za namna mbili. Namna ya kwanza ni zile ambazo majina yake huishia na COM. Hizi hazina maelezo yo yote mbele. Mfumo huichukua faili kama ilivyo, ukaiweka katika kumbukumbu ya mashine baada ya baiti 256 zilizotengwa kwa shughuli za mfumo wenyewe, kisha ukaanza kutenda amri ya kwanza unayoikuta. Ni kama mgeni aingiaye nyumbani bila kubisha hodi. Lakini wepesi huo una gharama yake: programu ya namna hii, pamoja na zile baiti 256, haiwezi kupita baiti 65,536, kwa kuwa yote lazima iingie katika chumba kimoja cha kumbukumbu.

Namna ya pili huishia na EXE, nayo ina adabu zaidi, maana hupiga hodi na kujieleza. Mbele yake kuna kichwa. Baiti mbili za kwanza ni herufi M na Z, ambazo ni herufi za kwanza za jina la Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft aliyebuni mpango huo. Mfumo unapotaka kuiendesha faili haudanganywi na jina lake la nje. Hutazama herufi hizo mbili. Baada yake huja hesabu, kila moja ikiwa na baiti mbili: ukurasa wa mwisho una baiti ngapi, kurasa zote ni ngapi, na kila ukurasa ni baiti 512, kuna mahali pangapi pa kurekebishwa, kichwa chenyewe kina ukubwa gani, programu inahitaji nafasi ya ziada kiasi gani, na amri ya kwanza iko wapi. Kichwa hicho cha kawaida ni baiti 28 tu, lakini kimesema yote yapasayo kusemwa.

Yafaa nieleze hapo niliposema "mahali pa kurekebishwa". Programu inapoandikwa haijui itawekwa sehemu gani ya kumbukumbu, kwa maana siku nyingine zimetangulia nyingine. Basi huandikwa kana kwamba itaanzia sifuri. Ndani yake mna maneno kama ya mtu asemaye, "Nendeni nyumba ya tatu kutoka kwetu." Maneno hayo ni ya kweli, ila yamfaa yule tu ajuaye kwetu ni wapi. Kwa hiyo faili hubeba orodha ya kila mahali penye neno la namna hiyo. Mfumo ukiisha kuchagua mahali pa kuiweka programu, huifuata orodha ile na kuongeza hesabu ya mahali hapo. Ikiwa programu imewekwa kwenye 2000, palipoandikwa 300 huwa 2300. Kwa njia hii programu iliyo kubwa kuliko chumba kimoja huweza kukaa po pote penye nafasi, wala isipotee.

Sasa nieleze haki za watu nilizozitaja. Kijijini kwetu, penye miteremko ya Mlima Elgon, kilikuwako chama kidogo cha wakulima wa kahawa. Marehemu mjomba wangu alikuwa karani wake, na jioni baada ya kazi alijifunza kuandika programu kwa lugha ya Pascal. Akatengeneza programu ya kuweka hesabu ya kilo ambazo kila mkulima ameleta. Mwaka jana wazee waliamua kuuza ghala la chama na kugawa fedha kwa kadiri ya kilo za kila mtu. Kabla ya hapo mashine ya chama ilikuwa imeharibika, na fundi mmoja wa mjini alinakili vilivyokuwamo. Faili za hesabu zilikuwa nzima, lakini zimeandikwa kwa namna ambayo programu ya mjomba peke yake ndiyo iliyoweza kuzisoma. Na programu yenyewe ilikataa kuanza. Fundi akawaambia wazee kwamba imekufa kwa uzee.

Wazee wakaanza kunong'onezana. Wengine walisema fedha zigawanywe sawasawa kwa watu wote. Jirani yetu, mama mjane ambaye mumewe aliuza kahawa nyingi kuliko wengi, aliketi kimya barazani kwetu. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, kitu kisicho na mwili hufaje kwa uzee?"

Niliporudi shule nilichukua nakala ya programu ile. Mwalimu wetu wa hesabu alinihamishia kwenye disketi, akaniruhusu kutumia mashine kuukuu yenye MS-DOS 6.22, toleo la mwaka wa 1994. Mfumo huo unayo programu iitwayo DEBUG, ambayo huonyesha baiti za faili moja moja. Lakini DEBUG ikiona jina linaloishia na EXE huipakia programu na kukiacha kichwa nje. Basi niliinakili kwa jina jingine, nikaifungua. Mstari wa kwanza ulianza hivi: 4D 5A 78 00 54 00. Mbili za kwanza ndizo M na Z. Hesabu hizi huhesabiwa kwa kumi na sita, na baiti ndogo hutangulia kubwa. Hivyo 78 00 ni 120, na 54 00 ni 84. Maana yake, faili ilidai kuwa na kurasa 84, na wa mwisho una baiti 120. Kurasa 83 mara 512, ongeza 120, ni baiti 42,616. Lakini faili iliyokuwa mbele yangu ilikuwa na baiti 30,720 tu, yaani kurasa 60 kamili. Haikufa. Ilikatwa wakati wa kunakiliwa.

Nilimwandikia mama barua, naye akalifungua sanduku la bati la mjomba. Mlikuwamo disketi kumi na moja. Likizo ilipofika nilizijaribu zote, na katika ya tisa niliikuta faili ya jina lile lile yenye baiti 42,616. Programu ikaanza mara moja. Karatasi za hesabu zilipotoka, mzee mwenyekiti alizisoma mbele ya watu, jina kwa jina, na kila mtu alipata fungu lake. Yule mama mjane aliomba karatasi yenye jina la mumewe, akaikunja na kuiweka kifuani.

Mtu asidhani kwamba mambo haya yamepita kabisa. Programu za Windows za siku hizi, ingawa kichwa chake ni kingine, bado huanza na M na Z. Mbele yake huwa na programu ndogo ya MS-DOS, ambayo kazi yake kwa kawaida ni kumwambia mtumiaji kwamba programu hii haiendeshwi katika DOS.

Mimi nimejifunza hivi: kitu kikikataa kufanya kazi, tusikizike kwanza. Tukiulize kinadai kuwa nini, kisha tupime kilichopo. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo itakayotuonyesha kinachotafutwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tunaosoma sasa tuongeze kwamba daftari nalo linataka mtu ajuaye kulifungua.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita