Kupima Kifaru cha Plastiki

Wako watu, na baadhi yao ni walimu wetu, wasemao kwamba kuunga vifaru na ndege za plastiki ni mchezo wa watoto, wala haumfai kijana anayejitayarisha kwa mtihani wa Kidato cha Sita. Sitaki kubishana nao. Nataka kueleza tu jinsi sisi wa Chama cha Ufundi tunavyovipima vitu hivi kabla ya kuvisifu au kuvikataa, maana kazi ya kupima imenifundisha mengi kuliko kazi ya kuunga.

Vitu tulivyo navyo vililetwa na mzee mmoja aliyesoma hapa zamani, ambaye sasa anakaa Uingereza. Alitupa masanduku sita, vitabu vitatu, na pakiti kadhaa za vipande vya nyongeza. Sanduku nitakalosimulia habari zake ni la kifaru cha Kirusi kiitwacho T-55A, nalo lilitengenezwa na kampuni moja ya Japani kwa kipimo cha 1 kwa 35. Nimelichagua hilo kwa sababu vifaru vya ukoo huo vilipita karibu na kwetu. Katika vita vya 1978 na 1979, vilivyoanza Idi Amin alipoingiza majeshi yake Kagera nchini Tanzania, pande zote zilikuwa navyo. Jeshi la Uganda lilikuwa na T-55. Walibya waliokuja kumsaidia Amin walileta vya namna hiyo. Na Watanzania walikuwa na Type 59, ambavyo Wachina walivitengeneza kwa kuiga T-54. Masaka ilitekwa mwezi wa Februari 1979, na mwezi wa Machi yakapiganwa mapigano makubwa Lukaya, pale barabara ya Kampala inapopita katika kinamasi. Wengi wetu hupita barabara hiyo kila muhula tukija shuleni.

Basi, tuanze na kipimo. Kusema 1 kwa 35 maana yake ni kwamba kila mita 35 za kitu halisi zimekuwa mita moja. Wengine huuliza kwa nini 35, wala si 30 au 40. Kampuni ya Tamiya, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilitengeneza kifaru cha Panther chenye mota ndani yake, na ukubwa wake ulipangwa ili mota na betri zipate nafasi. Kilipopimwa kikaonekana ni kama 1 kwa 35, na watengenezaji wengine wakafuata. Hivyo betri ndizo zilizoamua.

Kifaru halisi cha T-55, mzinga wake ukielekezwa mbele, kina urefu wa mita 9. Ukigawanya kwa 35 utapata milimita 257. Tuliazima kalipa ya maabara ya fizikia, tukapata milimita 256. Mnyororo wake halisi una upana wa milimita 580, kwa hiyo wa plastiki yapasa uwe kama milimita 16 na nusu, nao ulikuwa hivyo. Mzinga una tundu la milimita 100, yaani karibu milimita 3 kwa kipimo chetu. Hapo plastiki ilishindwa kidogo, maana tundu lilikuwa jembamba na halikwenda ndani. Tulilitoboa kwa keekee ndogo, likawa sawa.

Nawasihi wanafunzi wa vidato vya chini wasiishie kwenye urefu. Jaribuni na uzito, mtaona ajabu. Kifaru halisi kina uzito wa tani 36. Urefu unagawanywa kwa 35, lakini uzito hugawanywa kwa 35 mara 35 mara 35, yaani 42,875. Jibu ni gramu 840 hivi. Chetu tulipokiweka kwenye mizani hakikufika gramu 250. Sababu ni kwamba chuma cha mbele ya kichwa cha kifaru halisi kina unene wa kama milimita 200, ambao kwa kipimo chetu ungekuwa karibu milimita 6, na plastiki yetu ni nyembamba kama ukucha. Umbo limehifadhiwa, uzito umeachwa. Mtu akikishika mkononi na kudhani amejua kifaru ni kitu gani, amejua umbo lake tu.

Jambo la pili ni kuangalia kama kitu kilichomo sandukuni ndicho kilichoandikwa juu yake. Vifaru vya ukoo huu vinafanana sana, na asiye mwangalifu huvichanganya. T-54 ina kifuniko cha duara kama uyoga juu ya kichwa, cha kupitishia hewa, T-55 haina. T-55 ya kwanza ilikuwa na bunduki ya rashasha iliyowekwa ndani ya kiwiliwili ikitazama mbele, T-55A haina. Magurudumu ni matano kila upande, na nafasi pana iko kati ya la kwanza na la pili. Ukiona nafasi pana ziko nyuma, hiyo ni T-62. Tulikagua moja moja, na sanduku letu likapita mtihani huo bila shida.

Sasa vitabu. Kitabu kikubwa na chenye picha za rangi si lazima kiwe kitabu kizuri. Sisi huuliza maswali matatu: Je, picha ina tarehe na mahali? Je, mwandishi anatofautisha alichokiona na alichosikia? Je, kitabu kinataja ni namna gani hasa ya kifaru, au kinasema kifaru tu? Kitabu cha Steven Zaloga juu ya T-54 na T-55, kilichochapishwa na Osprey mwaka 2004, ni kidogo, cha kurasa 48, lakini kinaeleza vizuri jinsi namna moja ilivyozaa nyingine. Bila hicho tusingejua habari ya kile kifuniko cha uyoga. Kitabu cha Tom Cooper na Adrien Fontanellaz cha mwaka 2015, juu ya vita vya Uganda tangu 1971 hadi 1994, kinafaa sana kwa anayetaka kujua majeshi yalikuwa na silaha gani. Cha tatu ni cha Tony Avirgan na Martha Honey, kilichotoka mwaka 1982. Hawa walikuwa waandishi wa habari waliofuatana na jeshi la Tanzania. Kwa mwunga vifaru hakina msaada mkubwa, maana hakihesabu magurudumu. Lakini katika vyote vitatu ndicho chenye watu wengi zaidi ndani yake. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Vipande vya nyongeza nitavipitia upesi. Mzinga wa chuma ni mzuri, ila ule wa plastiki ukipigwa msasa na kutobolewa watosha. Vipande vyembamba vya shaba vya kufunika injini vinapendeza macho, lakini vinakata vidole na vinahitaji gundi kali ambayo ni ghali kwetu. Mnyororo wa vipande mbalimbali unaning'inia vizuri juu ya magurudumu kama wa chuma, ila kuuunga ni kazi ya majuma mawili. Ushauri wangu ni huu: kabla ya kutamani vya dukani, tazama vilivyo karibu. Kifaru hiki huchukua gogo nyuma yake la kujikwamulia matopeni. Sisi tulikata kijiti cha mbuni, na ganda lake lilifaa kuliko plastiki yoyote. Kamba ya kuvutia tuliisokota kwa nyaya za shaba za mota iliyoungua. Vumbi tulilichunga kwa kitambaa kutoka barabara ya murram iliyo nyuma ya bweni.

Habari ya vumbi inanileta kwa bibi yangu, mama yake baba. Vita vilipofika alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, na kwao ni kati ya Masaka na Lukaya. Wakati wa likizo nilimpelekea kile kifaru kikiwa kimepakwa rangi ya kijani kama kitabu kilivyoagiza. Alikishika kwa muda mrefu, akakigeuza chini juu, halafu akasema, "Hiki ni safi mno, mjukuu wangu. Vile vilikuwa rangi ya barabara." Nikamwuliza alivyoviona vilikuwa vya jeshi gani. Akajibu, "Hatukutoka nje kwenda kusoma alama." Akaniambia kwamba alivisikia kabla ya kuviona, kwa kuwa vikombe vililia kabatini, na kwamba mama yake alibeba godoro kichwani na mtoto mgongoni, wakaenda kulala katika shamba la migomba siku nne. Kisha akaniuliza, "Na watu wako wapi?"

Katika sanduku letu mlikuwa na mtu mmoja tu, mkubwa wa kifaru, nusu mwili, wa kuchungulia juu ya kichwa cha kifaru. Kampuni haikutudanganya, iliahidi kifaru, ikatoa kifaru. Lakini swali la bibi lilinifanya niongeze swali la nne katika yale tunayouliza juu ya kila sanduku na kila kitabu: Ni nini kilichokuwa pale na sasa hakipo? Kitabu cha Zaloga kinajua jina la kila namna ya kifaru, jambo ambalo bibi hajui hata kidogo. Bibi anajua rangi ya vumbi, mlio wa vikombe, na idadi ya siku, mambo ambayo kitabu hakijui. Mwenye kutaka ukweli yapasa awasikilize wote wawili, kila mmoja katika yale anayoyajua.

Shuleni yalizuka mabishano makali juu ya alama za kupaka. Ilikuwa karibu na Siku ya Wazazi, na kifaru kilikuwa kiwekwe mezani ukumbini. Wengine walitaka kiwe cha Watanzania, kwa sababu ndio walioshinda. Wengine walitaka kiwe cha jeshi la Amin, kwa sababu, walisema, kilikuwa chetu hata kama tuliumia kwacho. Mwenzetu mmoja, ambaye ndugu wa babu yake alitoweka zama za Amin, alisema kwamba kikipakwa alama hizo yeye hatakigusa tena. Sikumlaumu, na hakuna aliyemcheka.

Tuliliamua jambo hili kwa kurudi kwenye vipimo. T-55A ina taa kubwa kando ya mzinga na haina kifuniko cha uyoga. Hatukuweza kuiita Type 59 ya Watanzania bila kusema uongo. Wala katika vitabu vyetu hatukupata picha yenye tarehe na mahali ya T-55A mikononi mwa jeshi la Uganda mwaka 1979. Wazazi watakaosimama mbele ya meza watasadiki yale tutakayoandika, na baadhi yao walikuwapo. Kwa hiyo tulikiacha bila alama, tukakipaka vumbi jekundu mpaka juu ya magurudumu, na kwenye kadi tukaandika: "T-55A, 1 kwa 35. Vifaru vya ukoo huu vilitumiwa na pande zote katika vita vya 1978–1979." Yule mwenzetu ndiye aliyeandika kadi, maana hati yake ni nzuri kuliko zetu.

Kisha nikachonga mtu wa mti laini. Mwanamke wa mita 1.60 ni milimita 46 kwa kipimo chetu, nami nikampima hivyo. Amebeba godoro kichwani, ana mtoto mgongoni, naye amesimama ukingoni mwa barabara akikipa kifaru kisogo. Mikono yake haikutoka vizuri, na mtaalamu angempa alama ndogo. Hata hivyo Siku ya Wazazi watu wazima wengi walimwinamia yeye kwanza, na wawili walianza kusimulia pale pale, hata foleni ikasimama.

Hukumu yangu juu ya sanduku, basi, ni hii. Kwa vipimo nalipa 9 katika 10. Kwa kufanana na kifaru lilichokitaja, 9. Kwa wepesi wa kuunga, 8. Kwa vitabu, anayeanza apate Zaloga kwanza, na anayetaka kujua vita vyenyewe asome Avirgan na Honey. Vipande vya nyongeza vinaweza kungoja.

Neno la mwisho nawaambia nyinyi wakubwa wetu mliosoma hapa zamani. Twawashukuru kwa masanduku, nayo yakija mengine tutayapokea kwa mikono miwili. Lakini kama mlikuwapo mwaka 1979, hapa au Kagera au Lukaya, au kama wazee wenu bado wapo nao walikuwapo, tuandikieni yale mliyoyaona: siku, mahali, mliona nini, mlisikia nini. Msiogope kwamba hamjui majina ya vifaru. Hayo tutayatafuta wenyewe. Vifaru vya plastiki vitaendelea kuuzwa miaka mingi, na vitabu vitachapishwa upya. Lakini mtu aliyekuwa na miaka kumi na mitano wakati ule sasa ana miaka sitini na zaidi, na hakuna duka liuzalo kumbukumbu zake.