Spika Nne, Santuri ya Sauti Moja

Ndugu zangu wa Kitale na Bungoma,

Huku Marekani, maduka ya vitu vikuukuu bado yana amplifaya za miaka ya 1970 zilizoundwa na Sansui, Pioneer na Marantz kwa ajili ya spika nne, mbili mbele ya msikilizaji na mbili nyuma yake. Anayetaka kusafirisha mtambo huo nyumbani ili apige santuri za wanamuziki wa Kenya Daudi Kabaka na George Mukabi zilizobaki kwa wazee, namsihi asubiri. Kwa santuri hizo haufai, na sababu imo ndani ya santuri zenyewe.

Santuri ya spika nne ilitengenezwa hivyo tangu mwanzo. Mifumo ya SQ ya CBS na QS ya Sansui ilisokota sauti nne katika njia mbili, kisha kifaa maalumu kikazisokotoa. CD-4 ya JVC ilibeba tofauti kati ya sauti za mbele na za nyuma juu ya mawimbi ya kilohezi 30, yaliyopita upeo wa sikio la binadamu, ikadai sindano yenye ncha ya Shibata. Mifumo hiyo haikupatana, wanunuzi wakachoka, biashara ikafa kabla ya muongo kwisha. Pink Floyd wana santuri ya aina hiyo. Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, hana. Santuri zake ni za njia moja (mono), mwimbaji na gitaa katika mfereji uleule.

Fundi atasema ipo njia rahisi, ya mhandisi David Hafler: unganisha spika za nyuma kati ya nyaya chanya mbili za amplifaya, nazo zitaimba bila kifaa kingine. Kwa santuri ya stirio ni kweli, kwa sababu spika hizo hupokea tofauti kati ya kushoto na kulia. Santuri ya njia moja haina tofauti hiyo. Mfereji wake huisukuma sindano kando kwa kando tu. Kinachoipandisha na kuishusha ni vumbi, michubuko na mtetemo wa mota. Basi nyuma muziki unajifuta, na spika mbili ulizozigharamia zinatoa uchafu mtupu wa miaka sitini. Kitufe cha mono hufanya kinyume: hujumlisha pande mbili, mtikisiko wa juu na chini ukapotea, gitaa likabaki. Sindano nzima, santuri iliyooshwa na kitufe hicho vitamtendea Kabaka haki kuliko kontena zima la mitambo.

Umeme nao usisahauliwe. Transfoma itashusha volti 240 za Kitale hadi 120, lakini haiwezi kugeuza hezi 50 kuwa 60. Sahani yenye mota inayofuata mapigo ya umeme itazubaa, mizunguko 45 kwa dakika iwe 37.5, na mwimbaji atoe sauti nzito isiyo yake hadi fundi abadilishe puli.

Pingamizi lenye uzito kweli ni kwamba muziki wa nyumbani humzunguka mtu. Omusinde wa Kibukusu, kijana anayekwenda kutahiriwa, hugonga kengele zake, chinyimba, akiwa katikati, waimbaji wamemzingira, na kuibana sauti hiyo mbele ya msikilizaji ni kuipunguza. Nakubali kabisa. Ila duara hilo sharti liingie katika maikrofoni siku ya kurekodi. Hakuna waya utakaolitoa kwenye santuri ambayo haikulipata. Nyingi za amplifaya hizo zina matundu manne ya kupokea sauti moja kwa moja, bila santuri wala kifaa cha kusokotoa, na kinasa sauti cha njia nne siku hizi kinabebeka mkononi. Aliyekwisha kununua mtambo basi asiuuze. Tohara ya Babukusu hufanyika Agosti ya miaka inayogawika kwa mbili. Wazee wakiridhia, mrekodi atembee karibu na kijana kutoka mtoni hadi uani wakati wimbo wa Sioyaye unaimbwa, maikrofoni nne zikielekea pande nne. Rekodi hiyo ndiyo inayostahili spika za nyuma.