Mkono

Nimezaliwa Masisi, mashariki mwa Kongo, kwenye vilima vya ng'ombe na jibini, ambako mtu akisimama mlangoni anaona mpaka ng'ambo ya bonde. Walikale niliingia kutafuta pesa. Mwaka 2003 nilikuwa mbebaji wa kasiterite, mawe ya bati, kutoka mgodi wa Bisie: gunia la kilo 50 mgongoni, siku mbili za tope mpaka barabarani. Mbele kidogo, Kilambo, ndege zilitua juu ya lami ya barabara kuja kuyachukua mawe yetu. Miaka ile yote msituni sikuona mnyama ila aliyekwisha kaushwa kwa moshi. Mwenye gunia mgongoni hutazama visigino vya mwenzake.

Magoti yaliponishinda nikapata mzigo mwepesi: sufuria na mahema ya watu waliokuja kuhesabu gorila wa Grauer. Wengi hudhani hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa 1970, ni mali ya mji wa Bukavu. Milima yake miwili iko kule, ndiyo, lakini hifadhi ina kilomita za mraba 6,000, na msitu wake unateremka mpaka Walikale.

Nilidhani tutaona gorila. Kumbe wanaohesabiwa ni viota! Kila jioni gorila hukunja matawi na majani akatandika kitanda kipya. Hata akilala hatua chache tu kutoka kile cha jana, hakirudii. Humohumo hujisaidia, na ukubwa wa kinyesi unaeleza aliyelala: dume mzee, jike, au mama na mtoto wake. Majani yakianza kunyauka, unajua umechelewa.

Aliyetuongoza alikuwa mzee wa kabila la Wanyanga, mwindaji wa zamani. Siku ya tisa akaninong'oneza:

"Mwanangu, tua mzigo."

Viota saba, majani mabichi.

"Wako wapi, baba?"

"Wametusikia tangu asubuhi. Nyamaza."

Tawi likatikisika. Mkono mweusi ukatokea, ukalivuta taratibu, ukapotea nalo.

Makadirio yaliyotoka 2016 yalisema gorila hao wamebaki 3,800, kutoka 16,900 katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2021 yakapanda hadi 6,800, maana sehemu nyingine za msitu zilikuwa zimepimwa. Lawama za kupungua kwao ziliangukia bunduki na migodi. Sikuwa na la kubisha: nyama ya moshi ya Bisie niliila, wala sikuuliza ni ya nini.

Wanangu huniuliza kama nimewahi kuona gorila. Nawajibu kwamba nimeona mkono.