Mumbai na Goa, Bwana na Bibi

Akina mama wapendwa, mkienda Mumbai na waume zenu, elewaneni mapema. Treni za mjini zina mabehewa ya wanawake peke yao, na asubuhi msongamano huwatenganisha wawili mara moja. Sisi tulipanga kituo cha kukutana, na dawa za presha za mume wangu kila mmoja alibeba nusu.

Goa kuna minazi, bahari ya joto na mchuzi wa samaki wa nazi. Juni hadi Septemba mawimbi ni makali, msiogelee. Katika Basilika ya Bom Jesus umelazwa mwili wa Mtakatifu Fransisko Ksaveri, aliyepitia Malindi mwaka 1542. Hapo tulisali pamoja, jambo ambalo zamu za usiku zilikuwa zimetunyima miaka mingi. Mungu awajalie nanyi.