Choo si jambo la kuonea haya

Ukikutana na rafiki asubuhi mtaulizana habari za kazi, za watoto na hata za bei ya unga. Ni nani atakayekuuliza kama umepata choo? Akikuuliza, utadhani amekosa adabu. Hata hivyo, tumbo nalo lina habari zake, na anayezificha huenda akazilipia ghali.

Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake. Miaka michache iliyopita alianza kuona damu kila aendapo msalani. Akajiambia ni bawasiri tu. Jioni alikoroga chumvi ya haluli katika gilasi ya maji, akanywa, akanyamaza. Angemwambia nani? Mbele ya wanawe hangethubutu kulitaja jambo hilo, na mbele yetu sisi wapwa ndiyo kabisa.

Hatimaye alimdokezea mjukuu wake wa kidato cha pili, kwani babu na mjukuu hutaniana. "Siku hizi babu yako anasahihisha kwa wino mwekundu hata chooni," alimwambia. Kijana hakucheka. Usiku huohuo alimweleza nyanya yake. Hospitalini madaktari walipata uvimbe katika utumbo mpana, wakaukata kabla saratani haijasambaa. Mzee yu hai kwa sababu mtoto hakuona haya kusema.

Bila shaka, si kila aliyefunga choo ana saratani. Wengi wetu mjini tumefungwa na sahani zetu. Asubuhi ni chai na mkate mweupe, adhuhuri chipsi, jioni ugali wa unga uliokobolewa. Punje ya mahindi ina ganda na kiini. Mashine ya kukoboa huviondoa vyote viwili, vikaenda kuuzwa kama chakula cha mifugo. Basi ng'ombe anapata choo laini, naye mwenye ng'ombe anakesha msalani akikaza meno!

Makapi hayo tunayoyatupa yana nyuzinyuzi. Utumbo mwembamba hauwezi kuzisaga, hivyo hupita hadi utumbo mpana, zikashika maji, zikalainisha choo na kukisukuma. Nyingine huliwa na bakteria wema waishio humo, nao hutengeneza asidi zinazoulisha ukuta wa utumbo.

Aliyeupigia mbiu ukweli huu ni Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyeanza kazi ya upasuaji nchini Uganda mwaka 1946. Mwaka 1972, yeye na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la The Lancet. Walipima muda wa chakula kupita tumboni, wakaona kwamba kwa wanakijiji wa Uganda ulikuwa kama siku moja na nusu, ilhali kwa Waingereza ulizidi siku tatu. Wanakijiji hao walikula chakula chenye nyuzinyuzi nyingi. Sisi leo tumehamia sahani ya Mwingereza, na matatizo yake tumeyabeba.

Katika mwongozo wake wa mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani lilisema mtu mzima ale angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Slesi ya mkate mweupe haifikishi gramu 1. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina zaidi ya gramu 10. Kwa hivyo wewe mwanafunzi unayelalamikia githeri ya shuleni, jua kwamba tumbo lako linaishangilia.

Nawe mama au baba wa nyumba, nunua mahindi uyapeleke kwenye kinu cha posho mtaani, na umwambie mwenye kinu asiyakoboe. Pika ndengu, kunde, managu, nduma na viazi vitamu. Mapera na mapapai yasikose. Ongeza polepole, maana ukianza kwa pupa tumbo litajaa gesi. Kunywa maji ya kutosha na utembee. Ukihisi haja, nenda. Choo kinachobanwa kwa saa nyingi huzidi kunyonywa maji kikawa kigumu kama jiwe. Haluli nayo hufungua choo cha leo tu. Haikuambii kwa nini kilifunga.

Lakini ukiona damu, au choo cheusi kama lami, au ukikonda bila sababu, au mwendo wa tumbo lako ukibadilika kwa wiki kadhaa, usijitibu kimyakimya. Nenda kwa daktari ukamweleze waziwazi; hayo ameyasikia tangu asubuhi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Afadhali aibu ya dakika tano mbele ya daktari kuliko kilio cha jamaa nzima.